Hesi ya Kwanza

Bolti huuzwa kwa urefu uliopangwa na viwanda, na kazi huja na urefu wake. Ukienda dukani ukaomba bolti ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6, utapewa ya urefu wa milimita 16, au 20, au 25, au 30. Ya 22 hakuna. Ya 27 hakuna. Ngazi hizo ziliwekwa kwa busara, maana bila hizo duka moja lingehitaji ghala zima la bolti peke yake. Lakini unene wa mbao ya kitanda, bamba la jiko na kifuniko cha mota haufuati ngazi. Katikati ya urefu mmoja na mwingine ndipo inapozaliwa kazi ya kufupisha bolti, kazi ndogo ambayo kila mwenye jiliwa nyumbani ameifanya, na ambayo naamini haijapewa heshima inayostahili.

Wengi huidhania kuwa kazi ya kukata. Kukata ndiyo sehemu nyepesi. Bolti ya milimita 5 haishindani na msumeno wa chuma kwa muda mrefu. Punde kipande kinadondoka sakafuni. Swali huja baadaye, pale unapochukua nati na kuisogeza kwenye ncha mpya. Ikikaa sawa, ikashika, ikazunguka kwa vidole viwili hadi mwisho, bolti imefupishwa. Ikiteleza, ikainama upande, ukalazimika kushika spana na kuisukuma kwa nguvu, basi bolti imekatwa tu, na nati itaharibika pamoja nayo.

Chanzo cha ugumu huu kiko kiwandani, katika mpangilio wa kazi ambao nyumbani tunaupindua. Bolti huanza kama kipande cha waya mnene. Kichwa hugongwa kwanza, chuma kikiwa baridi, ndani ya kalibu. Kisha ncha huchongwa mshazari ili iwe nyembamba kuliko mwili. Mwisho kabisa ndipo hesi hutengenezwa, ule mfereji unaopanda kwa kuzunguka, na katika bolti nyingi za dukani hesi hazitengenezwi kwa kuondoa chuma. Kipande hubiringishwa katikati ya mabamba mawili magumu yenye mistari, yakakikandamiza mpaka chuma kikahama mabondeni na kupanda vilimani. Hakuna kilichopotea. Nyuzinyuzi za ndani ya chuma hupinda zikifuata umbo la hesi badala ya kukatika, na ndiyo sababu hesi ya kubiringishwa huvumilia mzigo wa kurudiarudia kuliko ile ya kuchongwa. Kwa hiyo kiwandani ncha hutangulia na hesi hufuata. Hesi ya kwanza huchipuka taratibu kwenye mshazari, kutoka sifuri hadi kimo chake kamili, na nati inapofika huikuta njia iko wazi.

Sisi tunapokata bolti katikati tunaanza na hesi zilizokwisha kukomaa. Msumeno hupita juu ya vilima na mabonde bila kuchagua, na pale unapotokea upande wa pili huacha ukingo uliochanika, utando mwembamba wa chuma uliolala ndani ya bonde ambamo nati inapaswa kupita. Tazama vipimo vyenyewe. Bolti ya M3, aina inayopatikana kwenye redio na kompyuta, ina hatua ya nusu milimita kutoka kilima hadi kilima, na kina cha bonde lake ni kama milimita 0.3. Utando mdogo sana unatosha kuliziba. Mkato wa msumeno wa kawaida una upana wa karibu milimita 1, maana yake kwenye bolti hiyo meno hula hesi mbili kwa mara moja. Hata M6, ambayo mkononi huonekana nene na ya kuaminika, ina hatua ya milimita 1 na kina cha milimita 0.6 tu. Usafi wote wa kazi hii, na uchafu wake wote, umo ndani ya hesi hiyo moja ya kwanza.

Ujanja wa nati unajulikana na karibu kila fundi. Kabla ya kukata, pandisha nati moja au mbili hadi zivuke mahali pa mkato. Kata, piga tupa, kisha ziteremshe zitokee kwenye ncha mpya. Husemwa kuwa ni njia ya kusafisha hesi, na ni kweli. Nati inayotoka upande mzima kuelekea upande uliojeruhiwa hutembea ndani ya mabonde sahihi tangu mwanzo, ikausukuma utando nje. Nati inayoingia kutoka nje ingelazimika kuitafuta njia palepale ilipoharibika. Lakini nati hufanya zaidi ya hapo. Uso wake bapa humwonyesha mkataji mstari, msumeno ukaegemea hapo na mkato ukawa mraba bila kwenda upande. Na nati mbili zilizokazwa moja dhidi ya nyingine hulipa jiliwa mahali pa kushika. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Watu huibana bolti tupu kwenye meno ya jiliwa, wakahangaikia ncha, na wanapoitoa hukuta hesi za katikati zimepondwa. Ncha safi juu ya mwili uliopondwa haina faida kwa yeyote.

Wapo wanaoipasua nati upande mmoja kwa msumeno, ili jiliwa likibana, nati nayo ibane bolti pande zote. Ni njia nzuri. Mimi napenda zaidi bamba: kipande cha chuma bapa, kinene kiasi, kilichotobolewa matundu na kukatwa hesi za M3, M4, M5 na M6. Bolti huingizwa upande mmoja mpaka sehemu isiyotakiwa itokeze upande wa pili; msumeno hupita karibu kabisa na bamba; tupa humalizia hadi ncha na bamba viwe uso mmoja. Urefu unaobaki ni unene wa bamba pamoja na washa zozote zilizowekwa chini ya kichwa. Ukitaka bolti nne za milimita 22 kwa ajili ya miguu minne ya meza, zitatoka nne zilizo sawa, na hakuna haja ya kupima kila moja. Tupa huula uso wa bamba kidogokidogo, na siku moja bamba litahitaji kutengenezwa jipya. Sioni ubaya wowote katika hilo.

Kuna pia koleo la fundi umeme, lile la kumenya nyaya, ambalo katika aina nyingi lina safu ya matundu yenye hesi karibu na kiungo chake. Wengi hulimiliki miaka mingi bila kujua matundu hayo ni ya nini. Skrubu ndogo huingizwa upande wenye hesi, mikono ya koleo hubanwa, na mabamba mawili huteleza yakaikata kwa pamoja. Kisha skrubu hutolewa kwa kuzungushwa kinyume, na tundu lenyewe husafisha hesi njiani. Kwa skrubu laini za M3 na M4 sijui chombo bora kuliko hicho. Ila tazama kilichoandikwa juu yake, maana mengine yana matundu ya vipimo vya Kimarekani na yataharibu hesi ya milimita badala ya kuitunza.

Kwa anayetumia msumeno, shida ya bolti ndogo ni idadi ya meno. Kanuni ya mafundi inataka meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma wakati wote. Yakipungua, chuma huangukia katikati ya jino na jino, msumeno ukakwama, jino likavunjika. Bledi huandikwa idadi ya meno kwa kila inchi: 18, 24 au 32. Ya 18 ina nafasi ya milimita 1.4 kati ya jino na jino, hivyo bolti ya M3 huyakuta mawili tu. Ya 32 ina nafasi ya milimita 0.8, na hapo M3 huyapata matatu na zaidi kidogo, M5 huyapata sita. Kwa hiyo chukua 32, meno yakiangalia mbele, mbali nawe, na usukume taratibu. Kwa stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, usiache msumeno uteleze juu yake bila kukata, kwa sababu hukakamaa pale kinaposuguliwa. Kila msukumo uondoe kitu.

Baada ya hapo huja tupa, na hapa ndipo nisingependa mtu aharakishe. Kwanza uso wa ncha husawazishwa. Kisha mzunguko wote wa ncha huchongwa mshazari, kama nyuzi 45, mpaka mshazari uzame chini kidogo ya kina cha bonde. Ukiishia juu ya bonde, hesi ya kwanza itaanza ghafla na ukuta mkali. Ukizama, itaanza kwa kukua, kama ilivyokuwa kiwandani. Bolti ya kichwa cha pembe sita inaweza kushikwa kichwa chake kwenye taya za drili. Kichwa cha M5 kina upana wa milimita 8, na taya tatu hukaa juu ya nyuso tatu barabara. Drili ikizunguka polepole na tupa ikiegeshwa kwa mshazari, ncha hutoka duara kamili. Mwisho, pitisha brashi ya waya, teremsha nati, ipandishe tena, iteremshe tena. Vidole ndivyo vitakavyokuambia. Jicho hudanganyika kwa mng'aro wa chuma kipya. Vidole husikia hata mkwaruzo wa sehemu ndogo ya milimita.

Kijana fundi pikipiki aliye jirani yangu huja mara kwa mara kuazima tupa. Hunitazama nikifanya haya yote, akaniuliza kwa upole: "Mzee, kwani grainda haikati? Sekunde moja tu."

"Inakata, mwanangu. Na ncha je?"

"Ncha nayo naigusisha hapohapo."

Ana haki yake. Jiwe la kukatia lenye unene wa milimita 1 na kipenyo cha 115, linaloruhusiwa kuzunguka hadi mara 13,300 kwa dakika, hupita kwenye bolti kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Na zipo bolti ambazo msumeno wa mkono utazisugua tu: zile nyeusi za kukazwa kwa alenikii, zenye alama 12.9 kichwani. Alama hizo si pambo. Ya 8.8 inasema chuma chake hustahimili mvuto wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na kwamba huanza kunyooka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Ya 12.9 inasema 1,200, na asilimia 90. Nguvu hiyo hutokana na kupashwa moto, kuzimwa ghafla na kurudishiwa moto kwa kipimo. Grainda huleta moto usio na kipimo. Ncha ikigeuka buluu imefika kiasi cha nyuzijoto 300, na hiyo peke yake haiidhuru bolti ya 8.8, ambayo kiwandani ilirudishiwa moto wa zaidi ya nyuzi 420. Ikigeuka nyekundu, hayo ni mengine. Hapo ugumu umeondoka, na safu ya zinki iliyoipamba imeungua. Basi anayetumia grainda na akate kwa kugusa na kuacha, kugusa na kuacha, maji yakiwa karibu, miwani usoni, na nati ikiwa imekwisha kupandishwa. Kijana huyo sasa huanza na nati. Sekunde zimeongezeka, naye halalamiki.

Nafikiri mara nyingi juu ya jambo tunalolichukulia kuwa la kawaida: kwamba bolti inaweza kukatwa popote na bado ikabaki bolti. Ufunguo ukikatwa si ufunguo tena. Bolti hustahimili kwa kuwa hesi yake ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, hatua moja isiyobadilika, na ni ileile ya nati yoyote itakayokutana nayo. Usawa huo haukuwepo daima. James Nasmyth, aliyefanya kazi London chini ya Henry Maudslay, alisimulia kwamba kabla ya Maudslay hakukuwa na mfumo wowote; kila bolti na nati yake zilikuwa jozi zisizohusiana na nyingine, zikitiwa alama ili zisipotezane, na mtu akichanganya za mashine moja alikuwa amejitafutia balaa. Maudslay, karibu na mwaka 1800, alitengeneza mashine ya kukerezea ambayo parafujo ndefu iliyo sahihi huongoza patasi kukata parafujo nyingine iliyo sahihi. Joseph Whitworth, aliyepitia karakana hiyohiyo, mwaka 1841 akapendekeza kwa Uingereza nzima pembe moja ya hesi, nyuzi 55, na hatua moja kwa kila kipenyo. William Sellers wa Philadelphia akapendekeza nyuzi 60 mwaka 1864. Tofauti ya nyuzi 5. Kwa ajili yake, katika Vita Kuu ya Pili nchi mbili zilizopigana upande mmoja zilishindwa kukaza bolti ya huyu kwa nati ya yule, mpaka Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana mwaka 1948. Hesi za milimita tunazozitumia leo nazo zina pembe ya nyuzi 60.

Kwa hiyo nati ninayoipandisha kwenye bolti kabla ya kukata ilitengenezwa na watu wasionijua, mahali nisipopajua, nayo inaingia. Nani angependa kuwa ndiye anayeuvunja mwafaka huo kwa kuacha utando wa chuma kwenye ncha?

Hapa pwani tuna historia ndefu ya kuunga vitu bila kuvifunga milele. Andiko la Kigiriki la karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erithrea, linataja mashua za kushonwa katika mwambao huu, na mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilishonwa kwa kamba za nazi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ubao ulipooza, fundi alifumua, akabadilisha, akashona tena. Msumari hautoi ruhusa hiyo. Ukiung'oa, unang'oka na nyama ya mbao. Kuchomelea hakutoi kabisa. Anayechagua bolti amekubali tangu mwanzo kwamba kitu hiki kitafunguliwa siku moja, na pengine si yeye atakayekifungua. Atakifungua mtu atakayekuja na spana miaka kumi baadaye, kutu ikiwa imeingia, mwanga ukiwa hafifu, mkono ukiwa hauna nafasi. Nati itakapofika kwenye ncha, ama itatoka, ama itakwama kwenye hesi ya mwisho, ambayo kwa mfunguaji ni ya mwisho na kwa mfungaji ilikuwa ya kwanza. Ikikwama hapo, bolti itazunguka pamoja na nati, na mtu huyo atachukua grainda na kukata kila kitu. Kitanda cha mtoto ambacho kingehamia kwa ndugu kitageuka kuni.

Sehemu moja ya nyumba ambako hili si la kusubiri miaka ni ukutani, nyuma ya soketi ya umeme. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu bapa, na vifuniko vya soketi zake hukazwa kwa skrubu za M3.5, kipimo ambacho ni nadra kukiona mahali pengine, chenye hatua ya milimita 0.6. Katika nyumba za zamani kabisa unaweza kukutana na 4BA, ya milimita 3.6, inayofanana nayo kiasi cha kuingia hesi moja kisha ikagoma. Skrubu hizo huja ndefu, kwa sababu huwezi kujua boksi limezama kiasi gani ndani ya lipu. Boksi lisipozama, skrubu hupita kwenye sikio la boksi na kuendelea mpaka nyaya zilikojikunja. Fikiria ncha iliyokatwa kwa koleo butu, yenye makali pande zote, ikizungushwa na bisibisi kuelekea kwenye plastiki ya waya wenye umeme. Na ncha hiyo na kichwa kile ambacho mtoto anaweza kukigusa kwa kidole sebuleni ni kipande kimoja cha chuma. Zima umeme kwenye swichi kuu, pima kina, kata, chonga, pitisha tupa mpaka ncha iwe duara na laini. Sijui kazi nyingine ya dakika tano nyumbani inayostahili uangalifu kuliko hii.

Urefu wenyewe una udanganyifu wake. Bolti hukaza kwa sababu inavutwa; inaponyooka kidogo sana hutaka kurudi, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Ikiwa tundu lina kitako, na bolti ni ndefu kupita kina chake, ncha hugonga kitako kabla ya kichwa kukaa. Spana hugoma, mkono husadiki kwamba imekaza, lakini kifuniko hakijabanwa na chochote. Oili huvuja. Yule kijana wa pikipiki alinionyesha namna mafundi wanavyojihadhari: kwenye kipande cha boksi la karatasi huchora umbo la kifuniko cha injini, na kila bolti ya M6 wanayoitoa huichomeka mahali pake kwenye mchoro, kwa kuwa urefu hutofautiana kwa milimita chache tu na injini haisamehe. Bolti ndefu ikipelekwa kwenye tundu fupi la alumini ya kumimina, hupasua ukuta wa nyuma. Bolti fupi nayo ina makosa yake. Katika alumini, M6 hutaka kushika milimita 9 hadi 12 za hesi. Ikishika nne itang'oka na hesi za tundu. Katika nati ya chuma hesi chache hutosha, maana nati ya kawaida ina unene wa karibu asilimia 80 ya kipenyo cha bolti, na hesi iliyo karibu na mzigo hubeba peke yake kama theluthi ya mzigo wote. Hata hivyo acha hesi moja au mbili zitokeze nje ya nati. Zile za nchani, zilizochongwa mshazari, hazibebi kitu.

Ncha iliyokatwa iko uchi. Zinki ya bolti za dukani ni safu ya mikroni chache, na tumeiondoa mahali pamoja. Bara, ambako hewa ni kavu, zinki iliyobaki pembeni hujitoa ili kukilinda chuma kilicho karibu nayo, na ncha hukaa miaka. Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi haitasubiri. Tone la rangi yenye zinki, au hata grisi, latosha. Wanaonunua stenlesi ili wakwepe kutu wakumbuke kwamba vumbi la chuma cha kawaida kutoka kwenye tupa iliyotumika kwingine hubaki juu yake na kuota madoa mekundu, nayo stenlesi juu ya stenlesi hung'ang'ania hesi kwa hesi ikikazwa kavu. Paka grisi kidogo.

Na zipo bolti nisizozifupisha. Za breki, za usukani, za mkanda wa usalama, nazinunua kwa urefu wake, hata kama ni kusubiri wiki. Ile ambayo mwili wake laini, usio na hesi, ndio unaobeba mzigo wa kukata kwa upande, nayo naiacha, kwa sababu kuchukua ndefu na kuipunguza huweka hesi palipopaswa kuwa na mwili au mwili palipopaswa kuwa na hesi.

Kipande kinachodondoka sakafuni usikitupe. Kilichotoka kwenye M5, chenye urefu wa milimita 8 au 10, kina hesi timamu na hakina kichwa. Kibane katikati ya nati mbili, kipige mkato mmoja wa msumeno katikati ya uso wake wa juu, wenye kina cha milimita 1 na nusu, upana wa kuingia bisibisi, na umepata skrubu ya kubania puli kwenye ekseli ya mota ndogo, aina ambayo hupotea kila puli inapofunguliwa na ambayo duka la mtaani huwa halina. Ila hiki kina ncha mbili. Ile ya chini ilichongwa kiwandani kabla ya hesi kuwepo, nayo iko tayari. Ya juu ndiyo inayohitaji tupa.